Mjenge kwa udongo, umwone upya

Mwezi huu naanza na uchokozi kidogo. Chukua karatasi na penseli, kisha mchore mwenzi wako bila kumwangalia. Usimwite sebuleni, usifungue picha kwenye simu. Chora bega lake, mkono wake wa kulia, na mgongo wake unavyoshuka hadi kiunoni. Nakupa dakika tano.

Haya, tuone. Wengi wenu mmechora mabega kama hanga ya nguo, mikono kama soseji mbili, na vidole kama kichane cha ndizi. Usijali, tuko wengi. Ila jiulize: huyu ni mtu unayelala naye kitanda kimoja, unayempaka mafuta mgongoni pale asipofikia mwenyewe, halafu bega lake hulijui lilivyo! Utajitetea kwamba wewe si msanii, hukujaliwa kipaji. Mimi nasema kipaji tukiweke pembeni kwanza. Mkono huchora kile ambacho macho yameshakielewa, na macho yetu kwa wapenzi wetu yana ugonjwa mmoja, ugonjwa wa mazoea. Tunamtazama mtu kila siku, lakini kumwona tuliacha zamani.

Ndiyo maana leo nawaletea dawa ya ajabu kidogo, ambayo wanaojifunza kuchora umbo la binadamu huitumia: kujenga misuli kwa udongo, mmoja baada ya mwingine, juu ya kiunzi kidogo cha mifupa. Usishtuke, hakuna anayepakwa udongo hapa! Mwenzio atabaki msafi kwenye kochi lake. Udongo ni wa sanamu, faida ni yenu wawili.

KWA NINI UDONGO?

Mtu anayeanza kuchora hufuata mstari wa nje. Anaona mkono, anachora mistari miwili, anamaliza. Lakini ngozi ni kama shuka. Ukitandika shuka juu ya kitanda kilichojaa mito, vilima unavyoviona vinatokana na mito iliyo chini. Asiyejua mto uko wapi atachora vilima vya kubahatisha, na mtu akibadilisha mkao kidogo tu, mchoro wote unavurugika.

Kitabu cha anatomia kinasaidia, tena sana. Kasoro yake ni kwamba picha ni bapa na mwili hauko hivyo. Kwenye picha unaona msuli umelala, huoni jinsi unavyopita nyuma ya mfupa na kutokezea upande wa pili. Udongo haukubali janjajanja hiyo. Ukitaka kuuweka msuli mahali pake, ni lazima ujibu maswali matatu: unaanzia mfupa gani, unaishia mfupa gani, na umelala juu ya msuli gani mwingine? Ukishayajibu kwa vidole vyako mwenyewe, kusahau ni kazi. Tena unapata nyongeza ya bure. Msuli kazi yake ni kuvuta, hausukumi hata siku moja. Kwa hiyo ukijua ulikoanzia na ulikoishia, umeshajua unavuta nini kwenda wapi.

Wachongaji walilijua hili zamani. Mwaka 1767 Mfaransa Jean-Antoine Houdon, akiwa bado kijana huko Roma, alitengeneza sanamu ya mwanamume aliyesimama bila ngozi, misuli yote nje. Nakala zake za plasta zikasambaa kwenye vyuo vya sanaa, na vizazi vya wanafunzi vikajifunza kwa kuichora. Katika karne ya 20, msanii na mwalimu wa Kimarekani Jon Zahourek akageuza kibao: badala ya mwanafunzi kutazama sanamu iliyokwisha kukamilika, apewe kiunzi cha mifupa na bonge la udongo, misuli aijenge mwenyewe. Njia hiyo ilianza kwa wachoraji, lakini baadaye wanaosomea mambo ya afya nao wakaichukua.

MUME, MKE NA NTA

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya wanandoa, na ndiyo hasa iliyonifanya nilete mada hii kwenye ukurasa huu.

Twende Bologna, Italia, karne ya 18. Giovanni Manzolini alikuwa msanii aliyebobea kwenye anatomia. Alikuwa msaidizi wa Ercole Lelli, fundi mwenye jina kubwa, ambaye Papa Benedikto wa 14 alimpa kazi ya kutengeneza sanamu za nta za mwili wa binadamu. Giovanni akawa anafanya kazi kubwa, sifa zinakwenda kwa bosi. Wangapi ofisini mnaijua hali hiyo? Mwaka 1746 akachoka, akaacha kazi.

Nyumbani alikuwa na mke, Anna Morandi, aliyezaliwa mwaka 1714, ambaye naye alikuwa amejifunza kuchora na kuchonga. Wakaamua kufanya kazi pamoja. Wakafungua karakana yao hapo hapo nyumbani, katika maisha ambayo hayakuwa mepesi hata kidogo. Walizaa watoto kadhaa, wengi wao wakafa wangali wadogo. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuchunguza maiti, kuzipasua, kuuona msuli ulivyojishika kwenye mfupa, kisha kuutengeneza kwa nta jinsi ulivyo. Inasimuliwa kwamba mwanzoni Anna alilazimika kuishinda kinyaa na woga wake. Akashinda. Nta ile kwao ilikuwa kama udongo wetu leo: njia ya kuhamisha mwili kutoka machoni kwenda mikononi.

Mwaka 1755 Giovanni akafariki. Anna akabaki na watoto na karakana. Hakufunga. Aliendelea kutengeneza sanamu na kufundisha anatomia, uongozi wa mji ukampa posho ya kila mwaka, na wageni kutoka nchi nyingine wakawa wanakuja kuona kazi zake. Alisifika hasa kwa sanamu za macho, pamoja na ile misuli midogo inayoligeuza jicho huku na huku. Alifariki mwaka 1774.

Sasa sikia hili. Katika makumbusho ya Palazzo Poggi huko Bologna zipo sanamu mbili za nta alizozitengeneza Anna. Moja ni yeye mwenyewe, amependeza na vito vyake, yuko kazini anachunguza ubongo. Nyingine ni ya mumewe, na mbele yake kuna moyo. Ungetarajia kinyume, eti? Mwanamke apewe moyo, mwanamume apewe akili. Anna aliamua vingine. Mke aliyemwona mumewe kila siku, kwenye raha na kwenye kukata tamaa, alipotaka kumwacha duniani alimtengeneza uso kwa vidole vyake. Sura ya mtu haitoki namna ile kwa mkono wa mtu ambaye hakuwahi kumwangalia kwa makini.

VIFAA, BILA KUVUNJA BENKI

Kwanza kiunzi. Maduka yanayouza vifaa vya wanafunzi wa udaktari huwa na viunzi vidogo vya plastiki vya kukaa mezani, na hicho kinatosha kabisa. Ukikikosa, tengeneza chako kwa waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili, ukausimamisha juu ya kipande cha ubao. Fanya urefu wa sentimita 45, na kichwa kiwe sentimita 6, kwa sababu kwa makadirio ya wachoraji mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu. Mambo mengine ya kukumbuka: nusu ya urefu wa mtu iko kwenye kinena, si kitovuni kama wengi wanavyodhani. Mikono ikining'inia, kiwiko kiko karibu na kiuno na ncha za vidole zinafika katikati ya paja.

Pili udongo. Plastisini ile ya watoto ni nzuri kwa sababu haikauki, mnaweza kuendelea wiki ijayo. Udongo wa mfinyanzi ni mtamu zaidi mkononi na bei yake haiumi, ila ukikauka unapasuka. Mkimaliza kila jioni, ufunikeni kwa kitambaa chenye maji kidogo, juu yake nailoni. Tatu ni vijiti vya mishikaki, kisu cha mezani na kijiko. Basi.

Kanuni moja ya dhahabu: jengeni misuli upande mmoja tu wa sanamu, upande wa pili uacheni mifupa mitupu. Hapo kila wakati mtaona kilichopo chini ya kile mlichokijenga.

JIONI NNE ZA WAWILI

Zimeni televisheni. Simu ziwekeni chumbani. Kila jioni ina sehemu tatu: kupapasa kwenye mwili wako mwenyewe, kujenga kwa udongo, na kuchora.

Jioni ya kwanza ni ya mifupa. Bado hamgusi udongo. Tafuteni kila mtu kwake ile mifupa inayokaa karibu na ngozi: mtulinga kutoka kooni hadi begani, mfupa wa kidari katikati ya kifua, kombe la bega mgongoni, ncha mbili za nyonga mbele, kiwiko, pia ya goti, na muundi. Hivi ndivyo vituo vya mchoraji. Awe mtu mwembamba au mnene, vituo havihami. Kwa mwembamba utaona kinundu, kwa mnene mara nyingi utaona kibonyo. Chora mtu wa vijiti, weka vituo hivyo tu. Utashangaa jinsi ambavyo tayari anafanana na binadamu.

Jioni ya pili ni ya kiwiliwili. Mbavu zifikirie kama yai kubwa, nyonga kama bakuli, na kati yake uti wa mgongo unaopinda. Mbele, shusheni mikanda miwili ya udongo kutoka kwenye mbavu hadi mfupa wa kinena: hiyo ndiyo misuli ya katikati ya tumbo. Ubavuni wekeni misuli ya mshazari. Kisha msuli mpana wa kifua, unaoanzia kwenye mtulinga na kidari na kwenda kujishika kwenye mfupa wa mkono wa juu. Lile pindo la mbele ya kwapa ndilo hilo, msuli wa kifua ukipita kwenda mkononi. Mgongoni kuna msuli ambao ukitazamwa pande zote mbili kwa pamoja una umbo la kishada: unaanzia chini ya kisogo, unatanuka hadi mabegani, kisha unachongoka hadi katikati ya mgongo. Ukishaujenga huo, utaelewa kwa nini mtu aliyeshinda kwenye kompyuta anauma shingo, bega na mgongo kwa mpigo. Siku ukimkanda mwenzio, usiishie kuminya mabega kama unakamua ndimu. Fuata msuli wote. Na maumivu yasiyoisha, tafadhali, mpelekeni daktari.

Jioni ya tatu ni ya mkono. Hapa kuna jaribio tamu. Kunja kiwiko, kiganja kikitazama chini. Shika msuli wa mbele wa mkono wa juu, ule vijana wa jimu wanaoupenda, baisepsi. Sasa geuza kiganja kitazame juu, kama unayegeuza ufunguo. Umeusikia ulivyotuna? Wengi tunadhani kazi yake ni kukunja mkono tu, kumbe pia ndiyo inayogeuza kiganja juu. Chini ya kiwiko kuna mifupa miwili. Kiganja kikiwa juu, mifupa hiyo inalala sambamba. Ukikigeuza chini, mmoja unavuka juu ya mwenzake. Ndiyo maana kigasha hubadilika umbo, na ndiyo maana mkono wa soseji haufanani na mkono wa mtu. Mwisho wekeni msuli wa bega, ule unaofunika kama kofia: unaanzia kwenye mtulinga na kombe la bega na kuchongoka hadi kama katikati ya mkono wa juu. Uwekeni mwisho kwa sababu ndio unaofunika pale msuli wa kifua ulipoingia.

Jioni ya nne ni ya mguu. Msuli wa makalio ndio mkubwa kuliko yote mwilini. Uguse ukiwa unainuka kitini au unapanda ngazi, utajua kwa nini Mungu aliupa ukubwa huo. Mbele ya paja kuna misuli minne inayokusanyika kwenye pia ya goti. Upande wa ndani wa muundi hakuna msuli kabisa, ni ngozi na mfupa, ndiyo maana ukijigonga kwenye ukingo wa meza machozi yanakutoka. Halafu siri ambayo mkiijua, michoro yenu itapanda daraja usiku huo huo: kwenye shavu la mguu, uvimbe wa ndani unashuka chini zaidi kuliko wa nje. Kwenye kifundo cha mguu ni kinyume, mfupa wa ndani uko juu na wa nje uko chini. Mtazame mwenzio akiwa amesimama, utaliona hilo leo kwa mara ya kwanza ingawa limekuwepo siku zote.

SASA TUZUNGUMZE LA TUMBO

Kuna dada aliniandikia. Tangu apate mtoto wa pili anavua nguo gizani. Akitoka kuoga anamtanguliza mume chumbani au anajifunga kanga mbili. Mumewe hajawahi kumtukana, ila siku moja alimuuliza kwa utani, “Hivi la tatu liko humo?” Utani wa sekunde mbili, dada wa watu ameubeba mwaka mzima. Akataka nimpe zoezi la kurudisha tumbo.

Dada yangu, rudi kwenye ile jioni ya pili, na shemeji yangu namtaka akae karibu. Mikanda ile miwili ya mbele ya tumbo haikugusana. Katikati yake kuna utepe wa kano unaoiunganisha. Mimba inapokua, utepe huo unatanuka na mikanda inasogea pembeni, kila mmoja upande wake, ili mtoto apate nafasi. Kwa wengine hurudi baada ya miezi, kwa wengine pengo hubaki na tumbo husukumwa mbele hata kama mama ni mwembamba. Huo si uvivu na wala si kujiachia. Tena kukimbilia yale mazoezi ya kulala chali na kunyanyuka kwa pupa kunaweza kuwa kazi bure au kukuongezea tatizo. Kama pengo unalisikia kwa vidole, au mgongo unauma, muone mtaalamu wa fiziotherapia akuongoze.

Na wewe shemeji, jenga mikanda hiyo miwili kwa udongo kwa mikono yako, halafu itenganishe taratibu uone kilichotokea. Sidhani kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa vidole vyake anaweza tena kuuliza swali lile. Akishaelewa, atakuwa na maneno mengine ya kusema, na mengine hayahitaji maneno.

Kina kaka nao msijifanye hamna lenu. Najua mnavyojitesa na tumbo lenye vipande sita. Vipande vile hutokana na mikato ya kano inayopita kwa upana kwenye ile mikanda miwili, na idadi yake na mpangilio wake ni wa kuzaliwa. Wako watakaopata sita, wako wa vinne, wako ambao vimekaa upogo, kushoto juu na kulia chini. Mazoezi hukuza msuli na kupunguza mafuta yaliyoufunika, lakini hayaongezi mkato hata mmoja. Kwa hiyo dada, ukimlinganisha mumeo na kijana wa kwenye kalenda, unamdai kitu ambacho hakuuzwa nacho.

Hapo ndipo ninapoupenda udongo huu. Magazeti, likiwemo hili unalolishika mkononi, yanatufundisha kuutazama mwili kwa kuupa maksi: huu umepita, huu umefeli. Ukijenga mwili kuanzia mfupani, swali linabadilika. Huulizi tena kama bega ni zuri au baya. Unauliza limekaaje, linafanya nini, kwa nini la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Kumbe mwenzio amebeba mkoba upande huo huo miaka kumi, na wewe hukuwahi kuona.

KANUNI ZA ANAYEKAA NA ANAYECHORA

Mkimaliza sanamu, zamu inafika ya kuchorana wenyewe. Hapa nawaomba muwe wastaarabu, maana mchezo mzuri unaweza kugeuka kesi.

Kwanza, anayekaa ndiye mwenye amri. Avae anachotaka, avue anachotaka, na akisema basi ni basi. Bega moja na shingo vinatosha kabisa kwa kuanzia.

Pili, anzeni na mikao mifupi ya dakika moja moja, kisha mitano, mwisho dakika ishirini na mapumziko katikati. Kukaa bila kutikisika ni kazi ngumu, na ukiijaribu wewe mwenyewe utamheshimu mwenzio.

Tatu, anayechora haruhusiwi kutoa maoni juu ya mwili. “Hapa pamenona,” “hapa umeisha,” hizo hapana. Ruhusa ni kuuliza tu: “Ukigeuza shingo kushoto nini kinatokea?” Akigeuza, utauona msuli wa upande wa kulia ukisimama kama kamba kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini. Hayo ndiyo maongezi ya karakana.

Nne, picha za simu marufuku, na michoro ni mali ya aliyechorwa. Yeye ndiye ataamua kama itabandikwa ukutani, itafichwa kabatini au itachanwa. Kuaminiana kunajengwa kwa vitu vidogo kama hivi, na kunavunjwa kwa kubonyeza mara moja kwenye kundi la marafiki.

Tano, mchoro mbaya uchekeni pamoja. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya. Wa kumi utakuwa na bega.

Na mkishafika usoni, tafuteni kitu kimoja kabla ya kuweka penseli chini. Daktari Mfaransa aliyeitwa Duchenne, katika kitabu alichokitoa mwaka 1862, alionyesha kwamba tabasamu lina misuli zaidi ya mmoja. Uko unaovuta pembe za mdomo juu, na huo unautii ukiuamuru hata mbele ya bosi usiyempenda. Uko mwingine unaolizunguka jicho, unaonyanyua shavu na kuleta mikunjo pembeni ya jicho. Huu wa pili kwa watu wengi haupendi kuamriwa, huja wenyewe furaha ikiwa ya kweli. Mchore mwenzio akitabasamu, halafu mtazame pembeni ya jicho. Kama mikunjo haipo, usimlaumu na wala usijilaumu. Weka penseli, muulize siku yake imekwendaje, na msikilize.

KAZI YA MWEZI HUU

Jioni nne, sanamu moja, michoro minne kwa kila mtu. Mkiona mwili mzima ni mlima mrefu, jengeni mkono tu, kuanzia bega hadi kiganja. Mkono mmoja uliojengwa vizuri unashinda mtu mzima aliyelipuliwa. Na mliooana juzi msijione hamhusiki, ni bora kuanza kuangaliana kabla mazoea hayajahamia kwenu. Walio peke yao nao wasikae nje: kiganja cha kushoto ni mkaaji mzuri sana, hakidai chai wala nauli.

Tuandikieni mtuambie imekuwaje, nani aligoma, nani aligundua nini. Yule dada wa kanga mbili naye nasubiri barua yake, na safari hii namwomba amwachie mume nusu ya karatasi. Mwezi ujao tutazungumzia pesa za pamoja na pesa za pembeni, kwa hiyo furahini sasa hivi mkiwa bado mnaelewana. Kwaherini, na msisahau kunawa mikono kabla ya kulala, udongo na mashuka havipatani.